Shajara ya MR-S: matairi manne, saizi mbili

Jumamosi, 8 Machi 2025

Leo gari limenizungukia kwenye kona ya Pugu. Naandika usiku huu huu kabla sijasahau kipi kilitangulia na kipi kilifuata.

Nilikuwa natoka Kisarawe. Mvua ilikuwa imekatika kama nusu saa, lami bado inang'aa, na malori yameacha tope jembamba njia nzima. Spidi haikufika hamsini. Niliingia kona ya kushoto, nikaona bodaboda imesimama mbele, nikaachia mafuta. Sikugusa breki. Nilisikia kiti kinaniondoka kuelekea kulia, pua ya gari ikakimbilia ndani ya kona, na kabla sijamaliza kurudisha usukani nilikuwa natazama nilikotoka. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia wala kilichogongwa. Yule wa bodaboda alikuja kunisaidia kulisukuma kutoka kwenye majani. "Dada, umekanyaga nini?" Sikuwa nimekanyaga kitu.

Gari ni Toyota MR-S ya 2001, rangi ya fedha, gia tano za mkono, injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8 iliyokaa nyuma ya viti. Uzito wake ni tani moja hivi. Nililinunua Januari baada ya kulitafuta miaka mitatu, na nalipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki. Kabla ya masika kukolea nataka nijue kwa nini limefanya vile.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi nimelala chini ya gari na kitambaa, kibrashi na tochi ya simu. Matairi yote manne yameandikwa 195/55R15. Aliyeniuzia alinisifia hilo: saizi moja pande zote, likiisha moja unabadilishana tu na jingine. Wakati ule niliona ni jambo jema.

Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna stika ya kiwandani. Imeandikwa Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile. Herufi 前 ni mbele, 後 ni nyuma. Mbele: 185/55R15, upepo kPa 180. Nyuma: 205/50R15, upepo kPa 220. Nimekaa pale mlangoni nimeitazama muda mrefu. Saizi mbili tofauti, na upepo wa aina mbili. Kwa geji zetu kPa 180 ni kama psi 26, na 220 ni kama psi 32. Nikachukua geji yangu nikapima: mbele 35, nyuma 35. Ni kile kile kipimo ambacho kila kituo hujaza bila kuuliza.

Halafu nikapima kina cha kashata, yaani vile vipande vya mpira vya tairi vinavyokanyaga lami. Mbele milimita 7, karibu mapya. Nyuma milimita 2, na upande wa ndani yanakaribia vile vinundu vya 1.6 vinavyoonyesha kwamba tairi limekwisha. Kumbe mwenye gari wa awali alinunua mawili mapya akayafunga mbele.

Jioni nilifanya jaribio la chaki. Niliegesha kwenye sakafu iliyonyooka, nikachora mstari mmoja kwenye tairi na mwingine sakafuni, vikutane. Nikalisukuma gari hadi mstari wa tairi ukarudi chini tena, nikachora, nikapima kwa futi kamba. Tairi la mbele kwa mzunguko mmoja limetembea milimita 1,815. La nyuma 1,780. Nimerudia mara tatu, tofauti haiondoki. Yameandikwa saizi ile ile ubavuni, lakini ya nyuma yameliwa mpaka yamekuwa madogo.

Alhamisi, 13 Machi

Siku tatu za kusoma na kukokotoa baada ya kazi. Naweka hapa hesabu ili nisizitafute tena.

Maandishi 185/55R15 82V yanasomwa hivi: upana milimita 185, urefu wa ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, rimu inchi 15, 82 ni uzito ambao tairi moja hubeba, kilo 475, V ni spidi ya juu, kilomita 240 kwa saa. Kupata kipenyo, unazidisha upana kwa asilimia ya ubavu, unazidisha kwa mbili kwa sababu kuna ubavu juu na ubavu chini, kisha unajumlisha rimu. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ya 15 ni 381. Tairi la mbele la kiwandani linatoka 584.5. La nyuma, 205/50R15, linatoka 586.

Hapo ndipo nilipowaelewa wahandisi wa gari hili. La nyuma ni pana zaidi kwa milimita 20, lakini wamelipunguzia asilimia ya ubavu mpaka vipenyo vikawa karibu sawa, tofauti milimita moja na nusu tu. Mfumo wa ABS, ule unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki, hulinganisha mizunguko ya magurudumu manne, kwa hiyo yakitembea sawasawa haudanganyiki. Nyuma inapata mguu mpana wa kukanyagia, kwa sababu ndiko injini iliko. Mbele inabaki nyembamba kwa makusudi, ili gari likizidiwa kwenye kona ianze kuteleza pua. Pua ikiteleza dereva anahisi usukani umekuwa mwepesi, anapunguza mwendo, mambo yanarudi. Mkia ukitangulia kwenye gari ambalo injini yake iko katikati, yaani nyuma ya viti lakini mbele ya magurudumu ya nyuma, muda wa kufikiri haupo, maana uzito wote umekusanyika karibu na kiuno na gari huzunguka kama pia.

Na kuachia mafuta ndani ya kona ndiyo kichocheo. Ukiachia, uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanapungukiwa na mzigo wa kuyakandamiza. Mimi nilikuwa na mbele mapya mapana kuliko stika inavyotaka, nyuma vipara vyembamba kuliko stika inavyotaka, na tope katikati. Kona ile ilikuwa inanisubiri.

Toyota wenyewe walipitia somo hili. MR2, gari lililoitangulia MR-S, ile ya 1989 inayoitwa SW20, ilianza na 195/60R14 mbele na 205/60R14 nyuma. Watu walilalamika kwamba mkia unatoka ghafla. Walipolifanyia marekebisho waligusa miguu yake, wakapandisha rimu kuwa za 15, mbele wakaweka 195 na nyuma wakaruka hadi 225. Na hata MR-S yangu, zile za kuanzia 2003 zilipewa rimu za 16 nyuma zenye 215/45R16, mbele zikabaki na 185/55R15. Hawakuwahi kusawazisha.

Jumamosi, 15 Machi

Ilala, kwa fundi tairi. Ni mzee mtulivu, kazi hii ameifanya tangu enzi za kufungua tairi kwa vyuma viwili na nyundo. Ni mwezi wa mfungo, amefungua mapema ili afunge mapema. Nilimwamkia, akaitikia, akazunguka gari zima bila kusema neno. Halafu akasema:

"Mwanangu, hizo namba unazotaka za nyuma hutazipata hapa. Weka 195/65 za Premio, zipo tele. Na mashimo haya zinayavumilia."

Sikumpuuza, na bado simpuuzi. Ubavu mrefu unalinda rimu, na mtu anayeendesha Dar kila siku anajua thamani yake. Lakini nilimwonyesha daftari: 195/65R15 ina kipenyo cha 634.5. Nyuma hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 8. Mshale wa spidi hauoni barabara, unahesabu mizunguko tu. Ukisoma 50, gari linakwenda 54. Pale kwenye kibao cha 50 trafiki na tochi yake hataki hesabu zangu, anataka elfu thelathini.

"Tujaribu moja tuone," akasema. Akatoa tairi la 195/65 lililokwishavaliwa, akalifunga mbele kushoto, akashusha jeki. Nikakata usukani mpaka mwisho. Tulisikia wote wawili: sauti ya mpira ukikwaruza plastiki ya ndani ya fenda. Aliingiza kidole pale palipogusa, akakitoa na vumbi jeusi kwenye ncha. Hakubisha tena. Akaniambia kitu ambacho sikukisoma popote: "Kabla ya kutafuta mengine, badili haya uliyonayo. Mazuri yaende nyuma leo."

Tumefanya hivyo. Amevua matairi kwenye rimu, kwa sababu rimu zenyewe si sawa, mbele upana ni inchi 6 na nyuma 6.5. Tairi la 195/55 linakubali upana wote huo. Upepo nimeweka 26 mbele, 32 nyuma. Yeye aliona 26 ni kidogo mno, akanifanya nimwonyeshe stika. Aliisoma kwa miwani, akaguna, akajaza.

Jumapili, 16 Machi

Rafiki yangu ana uwanja wa sakafu ya zege ambao Jumapili hauna magari. Tumeweka pipa katikati, tumemwaga maji, nimelizunguka pipa nikiongeza mwendo kidogo kidogo. Kwenye kilomita 30 hivi kwa saa pua ilianza kwenda nje. Nikaachia mafuta. Pua ikarudi taratibu. Nikarudia upande wa pili, hali ile ile.

Gari ni lile lile, matairi ni yale yale manne, tumebadilisha mahali tu. Nimekaa kwenye kiti mikono ikinitetemeka, nikifikiria ni watu wangapi wenye magari ya aina zote wanaonunua mapya mawili na kuambiwa yafungwe mbele kwa sababu mbele ndiko kwenye usukani. Hata kwenye gari la familia linalovutwa na magurudumu ya mbele, mapya huenda nyuma. Tairi la mbele lililokwisha dereva ataliona mapema. La nyuma halitoi taarifa.

Hii ni ya muda. Mbele sasa yana milimita 2, na kipara kwenye maji hakisukumi maji pembeni, kinapanda juu yake. Sitaendesha mvua ikinyesha mpaka nipate yanayostahili.

Jumamosi, 22 Machi

Wiki nzima nimepita maduka, Kariakoo, Gerezani, Tabata, kwa miguu na kwa simu. Hali iko hivi.

185/55R15 zipo. Si nyingi, lakini Mazda Demio kadhaa huzitumia, kwa hiyo wenye maduka wanazijua. Nimeziona za aina mbili, mojawapo ya mwaka jana, shilingi 260,000 kwa moja.

205/50R15 hakuna. Kila duka wananipa kilicho jirani. Nimekuwa nikiandika kila wanachonipa na kukipitisha kwenye hesabu.

Kubaki na 195/55R15 kote, mapya manne: kipenyo 595.5. Mbele ni asilimia 1.9 juu ya stika, nyuma 1.6. Kwa spidi hakuna shida. Shida ni kwamba mbele na nyuma vinakuwa sawa kwa upana, na hilo ndilo nililokwishalikataa.

185/55 mbele na 195/55 nyuma: hili lilinivuta sana, maana yote yapo na bei ni nzuri. Tofauti ya upana inabaki milimita 10. Lakini kipenyo cha nyuma kinazidi cha mbele kwa milimita 11. Gari litaendeka, ABS pengine itavumilia. Kama nisingepata njia nyingine ningelichukua hili na kuendesha kwa adabu.

195/50R15 mbele na 205/50R15 nyuma, wengi wenye MR-S wanaoshindana viwanjani hupenda hivyo ili pua iume zaidi. Mbele inashuka hadi 576. Kwangu mimi pua inauma ya kutosha.

Kufuata mtindo wa 2003, yaani 215/45R16 nyuma: kipenyo 599.9, na ndivyo kiwanda chenyewe kilivyofanya. Kinachokwamisha ni rimu. 215/45 inataka rimu ya inchi 7 kwenda juu, matundu manne ya nati kwenye duara la milimita 100, tundu la katikati milimita 54.1. Nimeambiwa zipo rimu za "aina hiyo hiyo" mara nne, na mara zote nne nilipofika na futi yangu hazikuwa aina hiyo. Moja ilikuwa na tundu kubwa la katikati, muuzaji akasema nati zitashika. Nati zinashika, ndiyo, lakini rimu inatakiwa ikae kwenye kitovu, nati zikishikilia peke yake usukani hutetemeka.

Na kuna yule kijana aliyeniambia kwa upole kabisa, "Dada, weka 16 za 205/55 zote nne, gari litainuka, litapendeza." 631.9. Nimemshukuru, nikaondoka.

Nimeamua: stika. 185/55R15 mbele, 205/50R15 nyuma, aina moja ya tairi na kashata za mchoro mmoja. Hilo la mchoro nimelishikilia hata waliponiambia ni anasa. Tairi laini mbele na gumu nyuma ni kurudia kosa lile lile kwa njia ya mpira. Ubavuni kuna neno TREADWEAR na namba yake. Ndogo, kama 200, ni mpira laini unaoshika na kuisha upesi. 400 ni mgumu zaidi. Ningeweza kupata nyuma ya 200 na mbele ya 420 na gari likawa salama, lakini pua ingekuwa nzito isiyo na raha. Nataka uwiano ule walioutengeneza.

Duka moja limekubali kuagiza yote manne kutoka Dubai. Nyuma ni 410,000 kwa moja. Nimelipa nusu.

Jumatano, 2 Aprili

Yamefika baada ya Idi. Nilikwenda mchana kwa furaha, nikatoka jioni na matatu.

Mbele sawa kabisa. Nyuma, tairi la kwanza lina alama ya DOT inayoishia na 4123, maana yake wiki ya 41 ya mwaka 2023. La pili 2317. Wiki ya 23 ya 2017. Alama hii huandikwa kamili upande mmoja tu wa tairi, na hilo la pili lilikuwa limelazwa upande mwingine ukiwa juu. Niliomba ligeuzwe. Mwenye duka alisema ni jipya, halijawahi kuvaliwa, ona hata nywele za mpira zipo. Zipo kweli. Lakini nilipobonyeza ukucha kati ya kashata, la 2023 lilipokea, la 2017 lilikuwa kama soli ya kiatu kilichosahauliwa juani. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na stoo za pwani zina joto. Kulia mpira wa 2023, kushoto wa 2017, kwenye gari ambalo nyuma ndiyo kila kitu? Hapana.

Tulibishana, tukasikilizana. Ameahidi kulirudisha. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, na mvua imeanza kunyesha kila siku. Gari liko chini ya turubai.

Ijumaa, 25 Aprili

Limekuja jingine: 0624. Miezi minne tu baina yake na mwenzake. Nimelichukua.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, mji umetulia, fundi wangu wa Ilala amenifungulia kwa hisani. Nilimletea kahawa na kashata za nazi, tukacheka kwamba leo ni kashata kwa kashata.

Nilitaka kushuhudia kila hatua. Alisugua kingo za rimu kwa brashi ya waya mpaka kutu nyeupe ya alumini ikaisha, kwa sababu pale ndipo upepo hutorokea taratibu. Vali zote mpya. Matairi haya yana mshale ubavuni wa kuonyesha upande wa kuzunguka. La kwanza alilifunga kinyume, akaligundua mwenyewe kabla sijafungua mdomo, akalivua tena bila kunung'unika. Tairi la nyuma lilipokaa kwenye rimu ya 6.5 ubavu wake ulisimama wima, haukubinuka nje wala kukunjwa ndani. Nilipitisha kiganja pale tairi linapokutana na rimu mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Balansi, kisha nati kwa spana ya kipimo, Nm 103, kwa mtindo wa msalaba. Upepo 26 na 32, matairi yakiwa ya baridi. Akasimama hatua kumi nyuma ya gari, akaliangalia.

"Sasa limesimama kwa miguu yake," akasema.

Chaki tena jioni: mbele 1,781, nyuma 1,786. Milimita 5. Nimeandika namba hizi kwa kalamu nyekundu.

Jumapili, 4 Mei

Kilomita 160 za kuyazoesha bila papara, maana tairi jipya huja na utelezi wa kiwandani juu yake. Leo asubuhi mvua, pipa lile lile, sakafu ile ile. Pua ilianza kuteleza kwenye 36 au 37. Kuachia mafuta ndani ya mzunguko: mkia ukasogea kidogo, nikausikia kiunoni, ukatulia wenyewe. Nimefanya mara nane. Mara zote nane ulinipa nafasi ya kuusikia.

Mchana nimepita Pugu. Kona ile, lami imelowa, 40. Sikujaribu kitu, nimepita tu kama mtu anayepita.

Spidi nayo nimeilinganisha na setilaiti ya simu kwenye barabara ya Bagamoyo: mshale ukisoma 80, simu inasema 76. Mishale ya kiwandani huwekwa isome juu kidogo, kwa hiyo hapo sawa.

Jumamosi, 14 Juni

Nimerudi jana kutoka Iringa. Ndiyo safari niliyolinunulia gari.

Mikumi tulivu, tembo wawili mbali na barabara, matuta ya kutosha kukumbusha shokapu zangu ni za zamani. Ruaha Mbuyuni nilisimama kununua vitunguu, nikapima upepo: mbele umepanda hadi 29, nyuma 36, kwa joto la lami na mwendo. Sikuutoa, kipimo cha stika ni cha tairi la baridi, ukipunguza njiani, kesho asubuhi utakuwa umepungukiwa. Kitonga kupanda nilikuwa nyuma ya malori, gia ya pili, kioo kimefunguliwa, injini ikiimba mgongoni kwangu. Kushuka jana niliwahi alfajiri. Kona baada ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde, na gari likinyooka kila nilipolinyoosha. Kwenye kona moja lori lililokuwa linapanda lilitanua, nikalazimika kuachia mafuta katikati. Niliachia. Pua iliingia ndani kidogo, nikaongeza mafuta kidogo, tukaendelea kushuka.

Leo nimepima kashata baada ya kilomita 1,900. Mbele yote yameisha sawa. Nyuma kushoto: nje 7.1, katikati 7.0, ndani 6.4. Nyuma kulia ni sawa kote. Kwa hiyo gurudumu la nyuma kushoto halijanyooka. Gereji nyingi za alaimenti hapa hugusa mbele tu, na MR-S ina fimbo za kurekebisha nyuma pia. Nimempata mmoja Mwenge mwenye mashine inayosoma magurudumu manne. Jumanne saa mbili asubuhi.